Mti wa Boksi

Kwa miaka minane mti wetu wa Krismasi uliishi juu ya kabati la nguo, ndani ya boksi lililofungwa kwa kamba ya katani, katikati ya begi la mashuka na feni mbovu tuliyokuwa tunaingojea fundi. Kuanzia Januari hadi Novemba hatukuwa na habari nao. Desemba ikifika, mama watoto anapanda kiti, anauvuta, vumbi linatushukia sote, tunapiga chafya, na hapo ndipo watoto wanapojua kwamba sikukuu imeingia.

Niliununua mwenyewe Kariakoo, Mtaa wa Kongo, Desemba ya 2014, siku ambayo jua la Dar lilikuwa limeamua kutumaliza. Kwenye boksi palikuwa na picha ya familia ya Kizungu: baba, mama, watoto wawili na mbwa, wote wamevaa masweta, mbwa akiwemo, wanacheka mbele ya moto. Mimi nimesimama pale jasho linanitiririka hadi kwenye soksi. Muuzaji akaniambia, “Bosi, huu futi sita, na theluji yake imo humohumo.” Tukavutana bei, akashuka, nikamshusha tena, nikalipa nikijiona mjanja.

Nyumbani, ulipokwisha kuunganishwa, ulinifika kifuani. Na mimi si mrefu. Nikampigia simu muuzaji. Akanieleza kwa upole, kama mtu anayemfundisha mtoto kuhesabu, kwamba zile futi sita hupimwa pamoja na boksi.

Kimo kilikuwa mwanzo tu. Ile miguu mitatu ya chuma iliyochorwa kwenye karatasi ya maelekezo ilikuja miwili na skrubu moja, kwa hiyo pa mguu wa tatu tukaweka tofali la kuchoma na kulifunika kitenge. Matawi nayo yalikuwa na rangi kwenye ncha za waya: nyekundu liende tundu la chini, njano la katikati, bluu juu. Mwaka wa pili rangi zikaanza kubanduka. Mwaka wa tatu zilikuwa zimekwisha, na tangu hapo kuupanga ule mti ukawa mtihani usio na majibu. Mwaka mmoja ulitoka na umbo la mwavuli. Mwaka mwingine ulitoka mwembamba juu na chini, mnene katikati, kama bwana harusi wa miaka kumi iliyopita.

Mwaka wa nne tulifungua boksi tukakuta panya kazaa. Theluji yote, ile ya plastiki iliyogandishwa kwenye matawi, alikuwa ameitafuna na kuwatandikia wanawe. Binti yangu, ambaye wakati huo alikuwa na miaka mitano na ndiyo kwanza ameanza Sunday school, akachungulia vile vitoto vyekundu kwenye kona ya boksi, akauliza kwa heshima zote kama hili ndilo lile hori.

Sijazisema taa. Zilikuwa taa za kumeta zenye muziki. Kitufe cha kuzimia muziki kilikuwepo, ila kazi yake ilikuwa kubadilisha wimbo. Umeme ukipungua nguvu, ule wimbo ulikuwa unazama, unavutwa, unatoka kama sauti ya mlevi anayeimba akiwa mtaroni. Umeme ukirudi, wimbo unakimbia kufidia muda uliopotea. Jioni ya kwanza tuliyoziwasha, watoto wa jirani walitoka mbio na sarafu zao mkononi wakidhani muuza lambalamba kapita.

Kwa hiyo mtu asishangae kwamba katika nyumba yetu mimi nilikuwa chama cha mti halisi. Mama watoto alikuwa chama cha boksi. Watoto walikuwa chama cha zawadi.

Mimi ni mtu wa Marangu. Nilipokuwa mdogo, mti wa Krismasi haukuwa kitu cha kununua. Tarehe 23 au 24 mzee anakutuma na panga, unateremka kihambani, unapita kwenye migomba na mibuni, unakata ncha ya msaipresi, unaiburuta hadi nyumbani. Tunauchomeka kwenye debe la rangi lililojazwa mawe na udongo, tunaupamba kwa maputo, kadi za Krismasi za miaka iliyopita, karatasi za kung'aa za pipi, na pamba. Chumba kizima kinanukia utomvu na majani mabichi. Hadi leo nikipita kwa fundi seremala anayeranda mbao za saipresi, nasimama, navuta pumzi, fundi anauliza nahitaji kitanda au meza.

Ile pamba ndiyo iliyonitatiza baadaye, nilipopata akili za kutatizwa. Tulikuwa tunaichambua vipande vidogo vidogo na kuvibandika kwenye matawi ili iwe theluji. Sasa ukifungua dirisha la sebule ya mzee asubuhi ambayo mawingu yameondoka, unamwona Kibo, kilele cha Kilimanjaro, huyo hapo, mita 5,895, kichwa cheupe kwa theluji ya kweli. Tumempa mgongo. Tunabandika pamba ya duka la dawa.

Krismasi ya 1987 nusura itutie hasara. Baba mdogo alikuwa ametoka Arusha na habari kwamba sisi tunapamba kienyeji, kwamba Wajerumani walioleta mambo haya walikuwa wanaweka mishumaa inayowaka kwenye matawi. Hakusema uongo. Wamisionari wa Leipzig waliofika Kilimanjaro mwaka 1893 walitoka kwenye nchi ambayo mti wa Krismasi ulikuwa mila ya nyumbani tangu zamani. Miti iliyopambwa kwa matufaha na karatasi ilikuwa ikiwekwa sebuleni huko Strasbourg tangu mwanzoni mwa karne ya 17, na mishumaa ikafuata. Hata Waingereza waliiga kwao. Waliupokea kwa shangwe baada ya gazeti moja la London kuchapisha, mwaka 1848, picha ya Malkia Victoria na mumewe Mjerumani wameuzunguka mti pamoja na watoto. Kwa hiyo upande wa historia baba mdogo alikuwa sawa kabisa. Alichosahau ni kwamba Wajerumani hawakuwa na pamba ya duka la dawa.

Alichomeka mishumaa minne. Ule wa tatu ndio ulioshika. Pamba haiungui kama kuni, inaruka. Tulisikia tu “fyuu”, na theluji yote ya upande mmoja ikawa moto. Baba mdogo alishika chombo cha kwanza kilichokuwa karibu, kibuyu kikubwa kilichojaa pombe ya mbege ya kesho yake, akakimwaga chote. Moto ukazimika. Mti ukabaki umesimama, nusu mweusi, unachuruzika ulezi.

Bibi aliingia kutoka jikoni. Hakuuliza kama kuna aliyeungua. Aliuliza, “Ni mbege ya kibuyu kipi?”

Hizi ndizo hadithi nilizokuwa nikiwapa watoto kila tulipokuwa tunapanga matawi yale ya waya, mpaka mama watoto akachoka. Yeye ni mwalimu wa Jiografia, tena amekulia Tanga mjini, ambako kwao walikuwa wanakata tawi la mvinje na hawakumsumbua mtu. Siku moja nikiwa katikati ya hotuba yangu kwamba plastiki ni ugeni na msaipresi ndio asili yetu, akaweka chini gundi.

“Baba watoto, huo msaipresi wenu kwao wapi?”

“Kilimanjaro.”

“Kwao Mexico,” akasema. “Na Amerika ya Kati. Umeletwa huku wakati wa ukoloni kwa ajili ya mbao. Wako umetoka Mexico, wangu umetoka China. Wote wageni, ila wangu umelipiwa ushuru.”

Nikasema angalau wangu ni mti, si kitu kilichobuniwa kiwandani. Akanijibu kwamba hata miti ya bandia waliianza haohao Wajerumani wangu, karne ya 19, kwa manyoya ya bata bukini yaliyotiwa rangi ya kijani na kuzungushiwa kwenye waya. Kwa hiyo yule mkubwa anayetengeneza miti leo, mji wa Yiwu huko China, ambako sehemu kubwa ya mapambo ya Krismasi ya dunia nzima inatoka, hakubuni kitu. Alimpumzisha bata tu.

Nikatafuta pa kutokea. Nikamwonyesha dirishani. Desemba Dar ina miti ile mikubwa ya kandokando ya barabara inayochanua maua mekundu mpaka majani hayaonekani, na watu wengi huuita mti wa Krismasi kwa sababu haukosei mwezi. Nikasema, “Basi huo. Huo haujaletwa na mmisionari wala na kontena. Huo ndio wetu.”

“Madagaska,” akasema, akachukua gundi yake.

Ukioa mwalimu wa Jiografia, chagua maneno.

Kwa haki nilipewa nafasi. Mwaka mmoja nilinunua msaipresi mchanga kwenye kopo, kwa wauza miche wa kandokando ya barabara, nikauleta sebuleni kwa fahari. Mti ule wa milimani uliwekwa kwenye chumba cha Kimara chenye joto la kuotesha ndevu, pembeni ya friji linalopuliza moto kwa nyuma. Siku ya tatu ukawa wa kahawia. Siku ya tano ukaanza kupukutika, na vijani vyake vikavu vilipatikana hadi kwenye pilau la Krismasi. Shemeji yangu alikula sahani nzima akasifia viungo. Mwaka uliofuata boksi lilishuka kutoka kabatini bila mjadala.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa hadi Desemba ya 2022, mama yangu alipopiga simu kutoka Marangu. Magoti yanamsumbua, mzee naye kazeeka, vijana wote wako mjini, hakuna wa kuteremka kihambani kukata mti. Mwaka huu basi, watakaa hivihivi. Kabla sijafungua mdomo, mama watoto aliyekuwa anasikiliza pembeni akasema, “Mama, tunakuletea wetu.”

Nilipinga. Nilisema kupeleka mti Kilimanjaro ni sawa na kupeleka ndizi Marangu. Hakuna aliyenisikiliza. Tarehe 23 alfajiri tulikuwa stendi ya Mbezi pamoja na Wachaga wengine wote wa Dar es Salaam, kila mtu na mafuta yake ya kupikia, mchele wake, na mtoto wake anayelia. Utingo akalipapasa boksi letu, akalitikisa.

“Mangi, humu kuna nini?”

Nikanong'ona, “Mti.”

“Nini?”

“Mti wa Krismasi.”

Akageuka, akapanda ngazi ya basi, akawatangazia abiria kwa sauti ya muuza mitumba: “Jamani, huyu bwana anapeleka MTI Moshi!” Basi zima likaangua kicheko, na lilikuwa bado halijajaa. Waliopanda baadaye walisimuliwa. Chalinze nikaulizwa kama naupeleka kupandikiza. Korogwe, tuliposhuka kuchimba dawa, mzee mmoja nisiyemjua akanipa pole. Mwanga, tukiwa tunauona mlima kwa mbali, mama mmoja wa kiti cha nyuma akasema kwa huruma ya kweli, “Usijali, mwanangu, huenda hata kule miti imeshaisha.” Ni kilomita zaidi ya 500 kutoka Dar hadi Moshi. Mimi nilizihesabu zote.

Mzee alikuwa barazani. Tukaamkiana, akapokea shikamoo za wajukuu mmoja mmoja, ndipo macho yake yakaliangukia boksi. Akasoma ile picha taratibu. Akamwangalia mbwa mwenye sweta kwa muda mrefu.

“Huu mti una mizizi?”

“Hauna, baba.”

“Utakatwa wapi?”

“Haukatwi. Unakunjwa.”

Akatikisa kichwa. Mama, kwa upande wake, alikuwa ameshalikumbatia boksi na analipeleka chumbani kwake, akituambia atauweka mwenyewe, tusimwingilie. Nadhani alikuwa anausubiri kwa hamu kuliko alivyosema kwenye simu. Lakini sebule ilikuwa ya mzee, na mzee alishatoa hukumu: sebuleni mti utakatwa. “Wewe ndiye mkubwa,” akaniambia. “Panga liko nyuma ya mlango. Kata ule wa kule mferejini.”

Ilikuwa kama saa kumi na mbili na nusu jioni. Nilitoka na panga na watoto wangu wawili nyuma, kifua mbele. Miaka minane ya waya na tofali ilikuwa imekwisha. Sasa wanangu wataona baba yao anavyofanya kazi. Tukateremka. Au tulipanda. Hapa ndipo palipo na utata hadi leo, kwa sababu kihamba ni migomba, na mgomba mmoja unafanana na mwingine, na mimi nimekaa Dar miaka 25. Nilichojua ni mferejini, na mfereji niliukuta. Kando yake palikuwa na msaipresi mzuri sijapata kuona: mchanga, wa kijani kibichi, umenyooka, umbo la pembetatu kama la kuchorwa. Ulikuwa kwenye safu na wenzake, lakini jambo hilo halikunipa shaka. Nikaukata kimo cha kiuno. Watoto wakapiga makofi.

Tulipouingiza sebuleni mzee alikuwa anatabasamu. Akagusa tawi. Tabasamu likasimama.

“Umeukata wapi?”

“Mferejini.”

“Mfereji wa juu au wa chini?”

Sikujua kwamba iko miwili.

Mzee akachukua tochi, akatoka bila kusema neno. Alirudi baada ya dakika kumi akakaa kwenye kiti chake kama mtu aliyetoka msibani. Niliukata kwenye ua wa jirani. Na si jirani yeyote. Ni mzee mwenzake ambaye waligombania mpaka ule kwa miaka, kwa hatua nne za ardhi, mpaka wazee wa ukoo wakakaa, mbuzi akachinjwa, masale yakapandwa kwenye mstari, na ule ua wa misaipresi ukafuata juu yake kama muhuri. Amani ile ilikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu. Mimi niliipitishia panga nikishangiliwa.

Kwa asiyejua, isale ni mmea wa majani marefu mapana ya kijani, ambao kwa Wachaga ndio alama ya mpaka, na tena ndio alama ya msamaha. Ukimkosea mtu unakata jani la isale, unalifunga fundo, unampelekea. Anayepelekewa isale hakatai. Kukataa ni kosa kubwa kuliko lile ulilomkosea. Mzee akasema hakuna njia nyingine. Asubuhi tutakwenda, na mbege kidogo, na mwenye kosa ndiye atakayeshika isale. “Nenda kalikate sasa hivi,” akaniambia, “kesho tusichelewe.”

Nikatoka tena. Giza lilikuwa limeshika, tochi ina betri za mashaka, na mimi sikutaka kuonekana na mtu. Nikaona masale yamejipanga vizuri, yamenawiri, majani yanayong'aa. Nikachagua lililo bora kuliko yote. Nilisema moyoni, kwa mzee kama huyu huwezi kupeleka isale lililochakaa. Nikavuta, shina zima likang'oka na mizizi. Nikaona si haba, nikabeba lote.

Asubuhi ya tarehe 24 tulikwenda wanne: mzee, baba mdogo, mama watoto na mimi, isale langu mkononi limefungwa fundo. Baba mdogo alibeba mbege, na alikuwa ameonywa kwamba safari hii asimmwagie mtu. Jirani alitupokea barazani. Shikamoo, marahaba, za mlima, za mji, mvua imekuwaje, kahawa imekuwaje. Hakuna aliyetaja mti, ingawa ukikaa pale barazani pengo lilionekana wazi, na ng'ombe wake alikuwa ameshapitisha kichwa na kutafuna maharage ya mama.

Mzee akatoa maneno. Nikasimama, nikatoa isale kwa mikono miwili. Jirani akalipokea kwa mikono miwili. Akaliangalia fundo. Akaliangalia jani. Akaligeuza, akaangalia udongo uliokuwa bado unaning'inia kwenye mizizi. Kisha akamwangalia baba yangu.

“Isale hili mmelitoa wapi?”

Baba akaniangalia mimi.

“Pale…” nikasema. “Pale yalipojipanga mstari.”

Nadhani hata kuku walinyamaza. Nilikuwa nimemwomba mtu radhi kwa kumkatia mti wa mpakani, nikitumia isale nililoling'oa mpakani. Mama watoto, ambaye kwa wote waliokuwepo ndiye pekee asiye Mchaga na hakuwa anaelewa uzito wake, aliinama kuangalia viatu vyake, mabega yanatikisika. Kicheko cha kwanza hata hivyo hakikutoka kwake. Kilitoka jikoni, kwa mke wa jirani, na kilipotoka hakikurudi. Alikuja mpaka mlangoni amejishika mbavu, mwiko mkononi. Halafu baba mdogo. Halafu, taratibu, kwa kupambana nacho sana, jirani mwenyewe.

Alipomaliza kujifuta macho akasema isale ni isale, hata la kuibiwa halikataliwi. Ameniachia. Lakini lile shina nikalirudishe kwenye tundu lake leo hii kwa mkono wangu, yeye akiniangalia. Na pengo je? Msaipresi utachukua miaka kukua, ng'ombe hasubiri miaka. Akanywa mbege, akafikiri. Wajukuu zake walikuwa wamemsimulia usiku ule, kwa kuwa watoto hawana mpaka, kwamba kwa mama yangu chumbani kuna mti wa ajabu, hautaki maji, hautaki mbolea, na hauzeeki.

“Leteni ule,” akasema.

Mama alilia kidogo. Alikuwa ameshaupamba; alifunga utepe kwenye kila tawi na akaweka picha za wajukuu, na kwa mara ya kwanza katika miaka yote minane, kwa mkono wa mtu ambaye hakuwahi kuuona kabla, yale matawi yalikuwa yamekaa sawasawa. Lakini alikuwa na akili kuliko sisi wote, akavua tepe zake, akautoa mwenyewe. Mchana wa mkesha wa Krismasi tuliupanda kwenye pengo. Tofali halikutosha, tukaukandamiza na mawe ya mferejini na kuufunga kwa kamba za mgomba kwenye misaipresi ya kushoto na kulia. Ulifika kimo kwa kukadiria. Sebuleni tulibaki na ule niliokata, kwenye debe lake la rangi, na sitasema uongo, ulinukia vizuri hadi Mwaka Mpya.

Mwaka jana nilikwenda kuuangalia. Upo. Upande unaopigwa na jua umegeuka kijani cha bluu, upande wa pili uko kama siku ulipotoka Kariakoo. Ndege mdogo amejenga kiota kwenye tundu la ngazi ya katikati. Ng'ombe haupiti. Mbuzi aliujaribu mara moja tu. Ule msaipresi niliokata umechipua vichwa vitatu na sasa umeuzidi mti wa boksi kimo, kwa hiyo mama watoto akamwendea mzee wa watu kwa adabu zote, akamwomba aturudishie wetu, kwa kuwa kazi yake imekwisha na Dar hatuna mti.

Mzee akamjibu, “Mama, kitu kikishapandwa mpakani hakiondolewi mpaka wazee wakae.”

Kikao kimepangwa tarehe 27 Desemba. Mbege itatoka kwetu, na isale nitalikata mchana.